Sweta ya Zambarau Iliyotoka Kahawia

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mama mmoja aliingia studioni kwangu pale Voi akiwa ameshika karatasi iliyokunjwa, akaniuliza swali ambalo mpaka leo, na mvi zangu hizi, sina hakika kama niliwahi kulijibu sawasawa. Aliikunjua karatasi juu ya kaunta, akaweka kidole kwenye picha, akasema, "Wewe ndiye uliyepiga hii? Basi niambie, hii ni sweta ya mtoto wangu ama si yake?"

Lakini ngoja nianzie mwanzo, maana nikikuanzishia hapo katikati utachanganyikiwa kama nilivyochanganyikiwa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Studio yangu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, nimekigawanya kwa pazia, huku kaunta na kompyuta na printa, huku kiti cha wateja na taa mbili za kusimama. Nilipiga picha za kitambulisho, za harusi, za watoto wa ubatizo. Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Shako, mpiga picha wa siku za filamu, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Kabla hajapiga picha ya kitu chochote ndani ya nyumba, alikuwa na mtindo wake. Anazima taa zote anabakiza aina moja tu. Kisha anatoa karatasi nyeupe mfukoni, anailaza kando ya kile kitu, anaipiga kwanza.

"Taa hazina weupe mmoja, Mghoi," aliniambia, maana Mghoi ndilo jina langu. "Balbu ina umanjano wake. Tyubu, ile taa ndefu ya darini, ina ukijani wake. Wewe huuoni kwa sababu macho yanazoea. Kamera haizoei."

Mimi nilikuwa nimenunua kamera ya dijitali, mojawapo ya zile za kwanza kwanza pale mjini, na nilijiona nimeshafika. Nikamjibu, "Mzee, hii yangu inajipanga yenyewe." Hakubishana nami. Alikunja karatasi yake akairudisha mfukoni, na mimi nikadhani nimemshinda.

Basi Jumatatu moja akaja dada mmoja anaitwa Wakesho. Alikuwa afisa wa ustawi wa jamii katika hospitali moja pale karibu, na tulikuwa tukifahamiana kanisani. Aliniambia kuna mwanaume ameletwa tangu Jumamosi, ameokotwa asubuhi kando ya barabara kuu, inaonekana aligongwa na gari likaenda zake. Hakuwa na kitambulisho wala simu. Hajitambui, na uso wote umefura na kufungwa bendeji, kwa hivyo hata ungempiga picha, mama yake mzazi asingemjua.

"Lakini alikuwa amevaa sweta ya kufuma kwa mkono," Wakesho akasema. "Na hapa Voi na hili joto, nani huvaa sweta? Huyu ametoka milimani. Njoo uipige picha, tutengeneze tangazo tulisambaze Mwatate, Wundanyi, Chawia, hata Taveta. Aliyeifuma ataijua."

Nilienda. Sweta ilikuwa kwenye chumba cha kuhifadhia vitu vya wagonjwa, chumba kisicho na dirisha. Darini palikuwa na tyubu moja iliyokuwa ikitetemeka, na mezani palikuwa na taa ya kusomea yenye balbu ya zamani, ile ya mwanga wa manjano. Sweta ilikuwa imekatwa kwa mkasi mkono mmoja, walipokuwa wakimvua wapate kumtibu, lakini kifuani ilikuwa nzima. Ilikuwa na mstari mweupe wa zigizagi kutoka kwapa hadi kwapa. Niliilaza mezani, nikaisogeza ile taa ya kusomea karibu ili uzi uonekane vizuri, na tyubu nikaiacha ikiwaka. Karatasi nyeupe? Karatasi za nini, mwanangu, na mimi nina kamera inayojipanga yenyewe!

Nilipomwonyesha Wakesho picha kwenye kioo cha kamera, alikunja uso.

"Mghoi, mbona hapa inakaa brauni? Mimi naiona zambarau."

"Ni wewe umezoea taa za humu," nikamjibu. "Kamera ndiyo inaona sawa."

Ona jinsi nilivyoligeuza somo la Mzee Shako miguu juu. Na nililisema kwa sauti ya mtaalamu, kwa hivyo Wakesho, ambaye hakuwa na sababu ya kunitilia shaka, akaikubali picha.

Niliporudi studio nikaifungua picha kwenye kompyuta. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, ingawa sikukubali. Nikifumba macho nijikumbushe ile sweta, naona zambarau, tena zambarau iliyoiva. Nikifumbua, naona kahawia, kama udongo wa Voi uliolowana. Nikafumba tena. Sasa hata ile ya kichwani ilikuwa imeanza kugeuka, sikujua tena ninachokumbuka ni sweta au ni picha. Na ule mstari mweupe ulikuwa umetoka na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Niliuona hivyo, nakwambia kwa kinywa changu, na nikasema labda uzi ulichafuka pale barabarani.

Kulikuwa na njia rahisi ya kumaliza ubishi. Hospitali haikuwa mbali. Ningerudi, nikaitoa ile sweta uani, nikaitazama juani kwa dakika moja. Sikurudi. Niliona aibu kumrudia Wakesho baada ya kumjibu vile. Nikaandika tangazo: mwanaume mtu mzima, amelazwa hospitalini Voi, hajatambuliwa, alikuwa amevaa sweta ya kufuma kwa mkono, rangi ya kahawia, yenye mstari mweupe wa zigizagi kifuani. Chini kabisa nikaweka jina la studio yangu, maana nilitaka watu wajue nani ametengeneza.

Rangi ya kahawia. Maneno hayo matatu niliyaandika mimi. Picha peke yake pengine mtu angeitilia shaka, angesema ni wino wa printa. Lakini picha na maandishi vikisema kitu kimoja, ni nani angebisha?

Jumanne matangazo yakaondoka. Jumamosi yake akaja mwanamke kutoka Mata, kule karibu na mpaka, amesafiri tangu alfajiri. Kaka yake alikuwa amepotea na alikuwa na sweta ya kahawia. Wakesho alimpeleka wodini, naye mwanamke akamtazama yule mgonjwa mikono na miguu, kisha akaomba aonyeshwe sweta. Ilipotolewa, akasema, "Lakini hii si kahawia." Akaketi kwenye benchi la korido akalia kwa uchungu, halafu akarudi Mata. Wakesho alinisimulia haya kwa simu. Aliniuliza, "Una hakika na ile rangi?" Nikamwambia yule mama alikuwa na huzuni, mtu mwenye huzuni haoni vizuri. Nisamehe mwanangu, ndivyo nilivyosema. Nikakata simu, na bado sikwenda kuitazama ile sweta.

Sasa turudi kwa yule mama wa kaunta. Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya pili. Alikuwa ametoka Chawia, kule milimani kwenye baridi, kwa hiyo alikuwa na leso mbili na koti zito alilokuwa amelivua na kulibeba begani, jasho linamtoka. Mtoto wake aliitwa Mwadime, na kwao watu walimwita yeye Mama Mwadime, nami nikamwita hivyo hivyo. Mwadime alikuwa ameteremka kutafuta kibarua cha ujenzi. Ilikuwa kawaida yake kukaa wiki mbili bila kupiga simu, kwa hivyo simu yake ilipozimwa nyumbani hawakushtuka mara moja.

"Nimekuuliza, na hunijibu," akasema.

"Mama, mimi nilipiga picha tu," nikamwambia. "Mwenye sweta simjui. Wewe unaionaje?"

"Mkono ni wangu." Akapitisha kidole juu ya zigizagi. "Unauona huu mstari? Hapa kwapani unakatika kabla ya kufika kwenye mshono. Uzi mweupe uliniishia, nikasema acha tu, atakuwa anaushusha mkono, hautaonekana. Ni nani mwingine ataishiwa na uzi pale pale? Mkono ni wangu kabisa. Lakini rangi si yangu. Mimi sijawahi kuwa na uzi wa kahawia nyumbani kwangu."

Kisha akafungua kikapu akatoa kibonge cha uzi uliobaki, akakiweka kwenye kaunta kati yetu.

"Tulifuma masweta ya kwaya," akasema. "Uzi ukabaki, nikamfumia Mwadime. Hii karatasi imebandikwa pale zahanati tangu Jumatano ya wiki jana. Siku nane sasa. Kila asubuhi naenda kuitazama. Majirani wananiambia, Mama Mwadime, hujui kusoma? Si imeandikwa kahawia? Narudi nyumbani, natoa huu uzi, nautazama. Nasema labda nilimfumia ya kahawia nikasahau. Labda ni macho yangu. Jana nimemuuliza mke wa kaka yangu, huu uzi ni rangi gani? Na kabla hajajibu nikamwambia usiniambie. Nilikuwa naogopa, unaelewa? Akisema zambarau, basi yule si mtoto wangu, mtoto wangu yuko wapi? Na akisema kahawia, basi ni yeye, na mimi nimeharibika kichwa."

"Na mbona hukwenda hospitali moja kwa moja?"

Akanitazama kama anayetafuta jibu usoni mwangu. "Nilifika mpaka kwenye geti. Nikaogopa. Nikasema kwanza nimwone aliyepiga, aniambie rangi."

Nilichukua kile kibonge nikakiweka mezani nyuma ya pazia. Nikawasha taa yangu moja yenye balbu ya manjano, na tyubu ya darini nikaiacha ikiwaka, kama vile ilivyokuwa kule hospitalini. Nikapiga. Nikapiga tena. Kisha nikatazama kioo cha kamera.

Kahawia.

Mama Mwadime alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, sikujua amenifuata. Alitazama kile kioo, akautazama uzi wake mezani, akakitazama tena kile kioo.

"Uzi wangu umekuwa kahawia," akasema polepole.

Nikauchukua ule uzi nikaupeleka mlangoni, kwenye mwanga wa jua. Zambarau. Nikaurudisha ndani chini ya tyubu peke yake, nikapiga. Ukatoka kama majivu yenye kijani kwa mbali. Nikauweka chini ya balbu peke yake, ukatoka mwekundu mwekundu uliochakaa. Uzi ni ule ule, meza ni ile ile, kamera ni ile ile. Nilikuwa natembea mle chumbani kama mtu aliyepoteza funguo, napiga, natazama, napiga. Mimi mwenye studio, mimi ninayeweka jina langu chini ya karatasi, sikujua tena zambarau ni nini.

"Sasa, rangi yake yenyewe ni gani?" Mama Mwadime akauliza, na alikuwa anauliza kweli.

"Ni zambarau, mama. Ni zambarau."

Akaketi kwenye kiti cha wateja, pale mbele ya pazia wanapokaa watu wa kitambulisho. Alikaa wima kabisa. Halafu akasema, "Yuko wodi gani?"

Tulikwenda kwa miguu. Hakutaka pikipiki, na alitembea mbele yangu njia nzima ingawa hakujua wodi iko upande gani. Wakesho alitupokea, akatazama uso wangu, akatazama kile kibonge mkononi mwa mama, akatuongoza mpaka wodini.

Yule mgonjwa alikuwa amezinduka siku mbili zilizopita, lakini maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida na jina lake hajaweza kulitaja. Jicho moja lilikuwa bado limefungwa. Mama Mwadime hakumwangalia uso. Alifunua shuka upande wa miguuni, akamshika vidole vya mguu, akavishika kimoja kimoja kama anavihesabu, kisha akainamisha kichwa chake pale miguuni, mabega yakaanza kutikisika.

Mwadime akageuza shingo. Ilimchukua muda.

"Mama," akasema. "Nilidhani hamnitafuti."

"Nilikuwa nakutafuta," mama akasema. "Nilikuwa nakutafuta, na nilikuwa nakuona, na nilikuwa nasema si wewe. Ni haya macho yangu, baba. Macho yamezeeka. Nisamehe."

Mwanangu, nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo niseme, la, si macho yako, ni mimi. Maneno matano au sita tu. Wakesho alinitazama. Mimi nikatazama dirisha. Nikajiambia kwamba si wakati wake, wacha apatane na mtoto wake kwanza, nitasema baadaye. Nikatoka nje, nikarudi kazini nikapiga picha tatu za kitambulisho, na sikuwaambia hata wale wateja geuza kichwa hivi au hivi.

Kesho yake nikaenda kwa Mzee Shako. Nilimsimulia yote. Akaniomba lile tangazo, akalisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akaweka kidole kwenye zigizagi.

"Huu mstari kwenye sweta ulikuwa rangi gani?"

"Mweupe."

"Na hapa?"

"Wa manjano."

"Basi ulikuwa na karatasi yako nyeupe hapo hapo kifuani kwa mtu. Sweta yenyewe ilikuwa inakuambia taa imekudanganya, hukusikia."

Akanipeleka mezani kwake akanionyesha kama mtu anayeanza darasa la kwanza. Akazima tyubu, akabakiza taa moja, akafunga pazia mwanga wa nje usichanganyike. Akalaza karatasi nyeupe, akaniambia niipige ijae kioo chote, kisha akanionyesha mahali pa kuiambia kamera: hii ndiyo nyeupe, anzia hapa. Kamera yangu ilikuwa na sehemu hiyo siku zote. Nilikuwa sijawahi hata kuifungua. Nikapiga kitambaa chake cha mezani, nikakilinganisha na picha, vikafanana. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Dakika mbili tu zingetosha Jumatatu ile.

Nikadhani amemaliza. Akaniuliza, "Na yule mama, anajua?"

"Anadhani ni macho yake."

Mzee Shako alikunja ile karatasi. "Habari ya taa umeielewa leo," akasema. "Hiyo nyingine siwezi kukufundisha mimi. Utapanda Chawia mwenyewe."

Ilinichukua wiki tano kupanda. Sitakudanganya kwamba nilikimbia. Kila wiki nilikuwa na harusi, nilikuwa na mafua, nilikuwa na kitu. Mwishowe nikasikia kwa Wakesho kwamba Mwadime ametolewa hospitalini, nikajilazimisha.

Chawia siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Niliuliza njia mara mbili. Nilimkuta Mama Mwadime akipalilia mboga kwenye ngazi ya shamba iliyo chini ya nyumba, na Mwadime ameketi kwenye kiti mlangoni, gongo lake la kutembelea liko kando yake. Tulisalimiana. Mama akataka kuniletea kiti, nikamwambia acha kwanza, nikakubali kusimama pale pale kwenye matuta, viatu vinazama.

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya taa mbili, na ya Wakesho aliyeona zambarau nikambishia, na ya mwanamke wa Mata, na ya mstari mweupe niliouona umebadilika nikanyamaza. Nilimwambia kwamba maneno rangi ya kahawia niliyaandika mimi nikiwa na shaka, na kwamba pale wodini nilimsikia anajilaumu nikatoka nje.

Aliendelea kupalilia nikiwa nasema. Nilipomaliza, akasimama, akaegemea jembe.

"Kwa hivyo macho yangu ni mazima?"

"Ni mazima, mama."

"Siku zote nane?"

"Siku zote nane."

Nilitarajia afurahi au anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Lakini aliketi pale pale kwenye udongo, akaanza kulia, na alipoweza kusema akasema, "Ungeniacha. Kama macho yangekuwa mabovu ningejisamehe. Sasa unaniambia yalikuwa mazima, niliona kazi ya mikono yangu mwenyewe, nikaikataa kwa sababu karatasi imesema."

Nilikuwa nimepanda mlima kumtua mzigo, na ilionekana nimembadilishia tu mwingine mzito zaidi. Nilisimama pale kwenye ukungu nikiwaza kama ningefanya vyema zaidi kunyamaza maisha yangu yote. Hata leo, nikiwaza, siku nyingine naona nilifanya haki, siku nyingine sioni.

Mwadime alikuwa amesikia kutoka pale mlangoni. Alikuwa bado anazungumza polepole, anatafuta kila neno. Akasema, "Mama. Uliteremka."

Mama hakuinua kichwa.

"Uliteremka Voi," akarudia. "Karatasi imesema si mimi, majirani wamesema si mimi, na wewe ukabeba uzi ukateremka. Mtu aliyekataa angekaa nyumbani."

Mama Mwadime akajipangusa uso kwa ncha ya leso, udongo ukabaki kwenye shavu. Alinitazama muda mrefu, na siwezi kukuambia aliona nini. Kisha akasema, "Njoo ndani unywe chai, umelowa." Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza. Nilikunywa chai. Alinipa viazi vitamu. Tulizungumza habari za mvua.

Mwanangu, sasa nikuambie nilichokuitia, kwa sababu naona unapiga picha za bidhaa za watu kwa simu yako hapo ndani, chini ya taa tatu za aina tatu, unatuma, na watu wananunua kwa kuamini macho yako.

Ukiwa ndani, chagua taa moja, nyingine zizime, na mwanga wa dirishani uuzuie au uutumie peke yake. Laza kitu cheupe kando ya unachopiga, karatasi yoyote safi, na uipige kwanza. Kisha iambie kamera au simu yako ianzie hapo. Usiseme simu inajua kujirekebisha. Inakisia tu, na siku nyingi inakisia vizuri, na hiyo ndiyo hatari yake. Ukimaliza, kitoe kile kitu nje mchana, ukitazame kwa macho yako, uweke picha kando yake. Vikitofautiana, rudia. Na usiandike jina la rangi ambayo hujaiona nje.

Hayo ya taa ni mepesi, mtu hujifunza kwa alasiri moja. La pili ndilo lililonichukua miaka. Mtu akikuambia mimi naiona vingine, hata kama hajui kushika kamera, nyamaza umsikilize, hasa kama kile kitu amekifuma au amekilima au amekizaa. Na ukiwa na shaka, iseme shaka yako. Laiti ningaliandika pale chini, rangi sina hakika nayo, tafadhali tazameni mshono, yule mama angaliteremka siku ya kwanza. Na ukikosea, usikae wiki tano. Nenda ungali unatetemeka. Huenda usipokelewe ulivyotarajia, huenda ukarudi hujui kama umejenga au umebomoa. Nenda hivyo hivyo.

Mungu akulinde katika kazi ya mikono yako. Akikupa jina, akupe pia watu wasioogopa kukuambia umekosea, na akujalie moyo wa kurudi kuitazama sweta kabla karatasi haijasambaa. Nami nakuombea hayo leo, mwanangu, nikiwa bado nina pumzi ya kukuombea.